Karanga za Mfuko wa Kushoto

Niliwatukana kwa mechi kumi na moja. Mechi ya kumi na mbili wakaninyanyua mabegani, wakanizungusha uwanja mzima huku wanaimba jina langu.

Na hiyo ndiyo siku niliyodhalilika kuliko zote tangu nizaliwe.

Kaa hapo nikupe yote.

Naitwa Noeli. Kwetu ni Mlali, wilaya ya Kongwa, lakini riziki yangu iko Dodoma mjini. Nauza karanga za kukaanga mtaa wa Nkuhungu.

Ushairi hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe, nahesabu mizani kwa vidole huku nageuza karanga kwenye sufuria. Nasema bila haya: mji huu mzima sijaona wa kunisogelea.

Sasa, mji huu una klabu moja ya raga inaitwa Vumbi.

Si ile raga ya watu kumi na tano. Hii ni ya kumi na tatu kila upande. Mkiwa na mpira mnakabwa mara sita, na ya sita ikifika hamjafunga, mnawaachia wenzenu. Basi. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa.

Vumbi hawakuelewa.

Mechi kumi na moja, vipigo kumi na moja. Sisi watu wa Kongwa, mkoloni alituletea matrekta alime karanga nchi nzima, mradi ukafa mikononi mwake. Kwa hiyo mradi uliokufa tunaujua hata ukiwa umevaa jezi.

Mimi nilikuwa na kazi pale uwanjani. Hakuna aliyenipa. Nilijipa.

Naingia na karanga mbichi mfuko wa kulia wa koti. Kila mchezaji wa Vumbi akikosa kumkaba mtu, karanga moja inahama, inaingia mfuko wa kushoto. Mapumziko nahesabu, naandika kwenye daftari: nani kakosa, mara ngapi, upande gani. Jumapili naweka namba zote kwenye ukurasa wangu mtandaoni, na ubeti juu yake kama pilipili.

Watu elfu nne walikuwa wananifuata. Walikuwa wanasubiri Jumapili kuliko Jumamosi yenyewe.

Mechi moja mfuko wa kushoto ulijaa. Nikaanza kuzitia kwenye soksi.

Na nusu ya karanga zile zilikuwa za mtu mmoja. Hamidu.

Hamidu ni winga wa kushoto, kijana wa Kondoa, mwembamba, miguu mirefu kama ya korongo. Mechi kumi na moja, kakosa kukaba mara arobaini na moja. Arobaini na moja! Hata mlango wa hospitali haupitishi watu namna hiyo.

Nikamtungia:

*Hamidu mlango wazi, kila mgeni apita,*
*Mikono yake ya uzi, upepo huukamata,*
*Hukaba kwa usingizi, ndotoni ndiko hupata,*
*Enyi Vumbi hamuwezi, kitambaa chawafuta.*

Ubeti ule ulisambaa hadi Bahi. Wauza samaki walikuwa wanamwimbia akipita.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonikwaza. Mama yake Hamidu, Bi Mwajabu, ndiye aliyekuwa anabeba ndoo ya maji ya timu. Kila Jumamosi, mama mtu mzima, ndoo kichwani, kikombe cha bati mkononi, anawapelekea maji wanaume kumi na tatu wasiojua kukaba.

Na kila Jumamosi nilikuwa nampitia pale pembeni, maana heshima ni heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwanangu mwenzio leo umemhesabia ngapi?"

"Tano tu, mama."

"Ah, amepona." Ananichotea maji. "Kunywa. Kutukana kunakausha koo."

Nakunywa. Halafu narudi kumhesabia mwanawe.

Usidhani nilikuwa siipendi Vumbi. Mtu usiyempenda humtukani wiki zote hizo, unachoka. Nilikuwepo mechi yao ya kwanza kabisa, watazamaji sita, mbuzi wawili. Niliamini ukimchoma mtu kwa maneno ataamka.

Hawakuamka.

Mechi ya kumi na moja, kule Iringa, wakala thelathini kwa sifuri. Nilifunga safari kwa nauli yangu nikaangalie aibu ile. Trai ni kuutua mpira nyuma ya mstari wa wenzenu, pointi nne, na mpira wa kupiga unaongeza mbili. Zote tano zilipita kushoto, kwa Hamidu, na zote tano wakaongeza.

Ikabaki mechi moja, nyumbani, baada ya wiki tatu. Dhidi ya Miamba ya Singida.

Miamba nao walikuwa hovyo. Walikuwa na ushindi mmoja tu msimu mzima, na huo waliupata kwetu. Sheria ya ligi ilikuwa fupi: wa mwisho anatoka, na kukiwa na wawili waliolingana, anabaki aliyeshinda mechi ya mwisho baina yao.

Na Vumbi ikitoka inakufa. Kiwanja walipewa kwa sharti la kuwa kwenye ligi. Hakuna ligi, hakuna kiwanja, kila mtu na njia yake.

Nahodha wao ni Faustini, mchomelea mageti, Mgogo mmoja ana mabega kama kabati. Alikuwa anawafanyisha mazoezi kila Jumanne jioni, na mimi kila Jumanne nilikuwa pale na karanga zangu.

Jumanne ya kwanza baada ya Iringa nilimkuta anafunga kamba za viatu.

"Karibu, mhasibu wa misiba," akaniambia.

"Nimestarehe. Leo mnazika nani?"

"Kaa tu, utamwona."

Nikakaa. Na kweli nikaona.

Yalikuwa mazoezi ya kutisha. Hamidu alikosa kukaba mara tisa kwa saa moja. Mara ya kumi alianguka mwenyewe, hakuguswa na mtu. Niliona aibu kwa niaba ya ardhi.

"Hamidu!" nikapiga kelele. "Kaka, unamkaba mtu au unamkaribisha chai?"

Akainua uso, vumbi hadi kwenye kope. "Chai bila karanga hainogi, bro. Lete."

Wenzake wakacheka. Wanacheka! Timu inakufa, wao wanacheka. Damu ikanichemka.

Jumanne ya pili, vilevile. Ya tatu, mbaya zaidi. Upande wa kulia angalau alikuwepo Gabrieli, jitu la kilo mia na kumi, na Faustini mwenyewe. Kushoto yuko Hamidu peke yake kama mti wa mpaka.

Nikarudi chumbani nimevimba kwa hasira. Nikaandika ukurasa mzima. Nikachora na ramani.

"Kulia kwa Vumbi usiende, yupo Gabrieli, utavunjika. Kushoto ni barabara ya lami. Pasi ndefu moja kumfikia winga wenu, mmeshafunga."

Na mwisho nikaweka nadhiri, kwa ubeti, maana mimi si mtu wa kuapa kwa maneno makavu:

*Wakishinda Jumamosi, ndoo yao nitabeba,*
*Msimu mzima basi, wanywe maji na kushiba,*
*Wala sina wasiwasi, kuku hawezi kukaba,*
*Mnyonge hana nafasi, Miamba haina tiba.*

Mtu wa kwanza kuupenda ubeti ule alikuwa mtu wa Singida. Dakika moja haijaisha. Nikatabasamu. Nikasema, umaarufu umevuka mkoa.

Jumamosi ikafika.

Upepo wa Dodoma ulikuwa unatembea na mchanga wake kama kawaida. Watu walijaa. Wengine walikuja kuzika timu, wengine walikuja kuona kama nitabeba ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Mwajabu akaniangalia juu mpaka chini, kama anapima kitambaa. "Shingo yako ni nyembamba, lakini itazoea."

Sikumwelewa. Nikacheka kwa adabu.

Mechi ikaanza, na Miamba wakaenda kulekule. Kushoto. Mara ya kwanza wakafunga, wakaongeza na mpira wa kupiga, sita kwa sifuri. Karanga moja ikahama mfuko. Nikasema moyoni, si nilisema?

Kocha wao alikuwa anaruka pembeni, simu mkononi. "Kushoto kwao! Kushoto! Pasi ndefu!"

Nikaona ajabu kidogo. Yale maneno yalikuwa na sura ninayoijua.

Dakika ya ishirini wakarusha ile pasi. Ndefu, ya juu, kuelekea kwa winga wao. Hamidu alikuwa amesimama vibaya kama siku zote.

Halafu akawa hayupo pale.

Alikuwa angani. Aliunyakua ule mpira katikati ya hewa kama mwewe anavyobeba kifaranga, akatua, akakimbia. Uwanja mzima, peke yake, ile miguu ya korongo ikipiga mchanga. Hakuna mtu wa Miamba aliyemkaribia hata kumtemea mate.

Trai, na mpira wa kupiga ukaingia.

Mimi nilikuwa nimeshika karanga moja katikati ya mifuko miwili. Sikujua niipeleke wapi.

Kwa sababu daftari langu halikuwa na sehemu ya kitu kile. Mechi kumi na moja nilikuwa nahesabu alichokosa. Kasi yake sikuwahi kuiandika.

Kipindi cha pili wakarusha tena. Hamidu akanyakua tena, trai na nyongeza yake. Kocha wa Singida akaitazama simu yake kama mtu aliyetapeliwa. Wakajaribu kupita kwa miguu, kushoto bado, wamekariri. Wakawakuta Faustini na Gabrieli wamehamia huko kimyakimya. Nilisikia mbavu za watu zikilalamika.

Miamba wakafunga ya pili na kuongeza, ikawa kumi na mbili kwa kumi na mbili. Dakika tatu zimebaki.

Pale nikagundua kwamba nimesimama, na napiga kelele, na ninachosema ni "Hamidu! Hamidu! Hamidu!"

Pasi ndefu. Mara ya tatu. Watu wengine hawajifunzi.

Kumi na nane kwa kumi na mbili.

Filimbi.

Vumbi imebaki kwenye ligi. Watu wakaingia uwanjani, na mimi nikaingia, machozi yananitoka, sifichi. Ghafla nikajikuta juu. Gabrieli bega hili, Faustini bega lile. "Noeli! Noeli! Noeli!"

Nikainua mikono. Nilidhani wametambua kwamba maneno yangu ndiyo yaliyowaamsha. Nilikuwa nimeanza kutunga ubeti wa shukrani kulekule juu.

"Asante, kaka," Faustini akaniambia huku ananizungusha. "Bila wewe tungekufa leo."

"Nilijua mtaamka."

Akacheka mpaka bega likatikisika. "Tuamke? Sikiliza. Kule Iringa nilienda kuwasalimia kabla ya mechi. Nikamkuta kocha wao anawasomea ukurasa wako. Namba, ubeti, kila kitu. 'Hamidu mlango wazi.' Wakacheka, halafu wakatupiga thelathini, zote kushoto."

Mikono yangu ikashuka yenyewe.

"Timu zote zinakusoma, Noeli. Wewe ulikuwa kocha wao msaidizi, tena wa bure."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali? Ungenitungia ubeti."

Kweli. Ningemtungia. Kina cha mwisho kingekuwa -ni, cha Faustini.

"Kwa hiyo Jumanne..." nikasema.

"Jumanne zilikuwa zako. Tuliigiza. Mazoezi yenyewe tulifanya alfajiri, Jumatatu na Alhamisi, Hombolo, kule hakuna anayeuza karanga. Wiki tatu Hamidu kazi yake ilikuwa moja, kunyakua pasi ndefu. Tulijua itakuja. Si uliwachorea ramani?"

Walinishusha taratibu, kama mzigo wa mayai.

Sikiliza, mimi bado nina kiburi changu. Sisemi vipigo vyote kumi na moja vilikuwa vyangu. Vingine walivipata kwa jitihada zao wenyewe, na namba ninazo. Lakini vingapi nilivipika mimi, hilo sijui. Ndiyo hesabu pekee msimu ule nisiyoweza kuifunga.

Na jicho langu, lile jicho la kuhesabu makosa, lilitazama maigizo Jumanne tatu mfululizo likaona ukweli mtupu. Kwa nini? Kwa sababu walinionyesha nilichokuwa nakitaka. Mtu wa dharau ni rahisi kumdanganya. Mpe kosa, atalibeba mbio bila kuuliza limetoka wapi.

Hamidu akaja, jasho na mchanga, akanyoosha ile mikono ya uzi.

"Mlango wazi naomba maji," akasema. "Si uliweka nadhiri?"

Watu elfu nne walikuwa wameisoma.

Sasa ni msimu mpya. Namba bado naandika, lakini zinaenda kwa Faustini peke yake, na daftari limeongezwa safu: kasi, pasi alizonyakua, mara alizosimama baada ya kuanguka. Sikujua kama safu ya mwisho ingekuwa ndefu kuliko zote.

Ukimpenda mtu, kosa lake mpelekee mlangoni kwake. Ukilitangaza sokoni, adui naye yupo sokoni, na ana kikapu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naingia uwanjani na ndoo kichwani, lita ishirini, shingo inalia. Vijana wanapiga miluzi. Nikajikwaa, maji yakanimwagikia mgongoni.

Pale pembeni, kwenye kiti changu, amekaa Bi Mwajabu. Amevaa koti langu.

Aliingiza mkono mfuko wa kulia, akatoa karanga moja, akainyanyua niione vizuri, akaitia mfuko wa kushoto.

"Kumi na saba," akasema. "Twende, mwanangu. Watu wana kiu."