Ngao Juu ya Duka la Chipsi

Kwa miaka mingi wateja wa Senga Pitlowrie waliamini kwamba ngao iliyochorwa juu ya mlango wake ni tangazo la vyakula. Ilikuwa na samaki watatu wa rangi ya fedha, na juu yao kichwa cha nguruwe-mwitu, vyote kwenye ubao wa buluu. Samaki ni samaki. Nguruwe ni soseji. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mji wetu uko pwani ya mashariki ya Uskoti, na upepo wa huku haumpi mtu nafasi ya kusimama nje akitafakari michoro.

Senga hakumsahihisha mtu. Ila ukimuuliza, angekujibu bila kuacha kukaanga kwamba ile ni nembo ya Sir Duthac Pitlowrie, kabaila wa ngome ya kilimani, aliyepigana na Waingereza karne saba zilizopita na kuambulia kukatwa kichwa, na kwamba yeye Senga ni damu yake. Kisha angekuuliza kama unataka siki.

Alijua anachosema. Marehemu baba yake, kibarua wa kiwanda cha magunia, alikuwa kila akilewa anadai ngome ile ni ya kwao, na baa nzima inacheka. Alipokufa, Senga alianza kufunga duka Jumatatu na kuwafuatilia wafu: makaburini, kwenye vitabu vya ubatizo, kwa vikongwe wenye kumbukumbu na chuki za kutosha. Alipanda kutoka baba hadi babu, hadi akamfikia Elspet, mkama ng'ombe wa ngomeni, aliyezaa na mwana wa bwana bila ndoa. Kutoka hapo njia ilikuwa nyeupe mpaka kwa Sir Duthac. Kanisa lilimkalisha Elspet kwenye kigoda cha toba mbele ya waumini Jumapili tatu, ili amtaje baba wa mtoto. Alimtaja Jumapili ya kwanza. Hizo nyingine mbili aliongezewa kwa kumtaja kwa sauti kubwa mno.

Senga mwenyewe hakuolewa. Alisema ni mila ya familia.

Mambo yaliharibika mrithi wa ngome alipohamia kutoka London. Sir Torquil Pitlowrie aliingia dukani Ijumaa, foleni ikiwa imefika mlangoni, akasubiri zamu yake kwa adabu.

"Samahani, mama. Ile ngao hapo nje ni yangu."

"Yako? Mbona sijakuona hata siku moja ukija kuipiga brashi?"

"Nembo huwa na mwenyewe mmoja tu. Ndiyo sheria. Na mwenyewe ni mimi."

"Mimi na wewe ni ndugu, Torquil. Babu yetu wa zamani ni mmoja."

Sir Torquil alilitazama karai la mafuta ya moto kama mtu anayetafuta mlango wa dharura.

"Senga, mpe binamu chipsi za bure!" akapaza sauti Eck Buist, fundi bomba, kutoka nyuma.

"Undugu ni undugu, Eck. Chipsi analipa."

Alilipa. Kisha akashtaki.

Ofisi ya nembo iko Edinburgh, na Senga aliitwa huko. Alipokewa na kijana mpole mwenye miwani, ambaye alikuwa amepitia nasaba yote na kuona haina doa.

"Bi Pitlowrie, wewe ni damu ya Sir Duthac. Sina shaka hata kidogo. Ila nembo haifuati damu tu, inamfuata mrithi. Ile ya dukani ishushwe, la sivyo tutafikishana mahakamani."

"Yaani mimi sina changu?"

"Unaweza kuomba ya kwako. Ingefanana na ile, isipokuwa..." Akakohoa. "Isipokuwa ingezungushiwa pindo la vipande vya rangi mbili. Ni desturi kwa ukoo uliopita, tuseme, kando ya ndoa."

"Sema wanaharamu, mwanangu. Sitakung'ata."

"Wengi wakifika hapo huahirisha. Wanaona lile pindo ni aibu."

"Torquil anaruhusiwa kulitumia?"

"Hapana. Yeye ni wa ndani ya ndoa."

"Hata akililia?"

"Hata akililia."

Mjini tulitarajia vita. Badala yake, Senga alipanda ngazi mwenyewe, akaishusha ngao, akaifunga kwa magazeti kama samaki, akampelekea Torquil mlangoni kwake. Wapo waliosema ameshindwa, na walilisema wakiwa kwenye foleni yake.

Siku iliyofuata alitoka na makopo mawili ya rangi. Alianzia chini ya mlango, akapanda, akauzunguka, akalizunguka na dirisha: kipande chekundu, kipande cheupe, kila kimoja ukubwa wa mkate. Hakuweka samaki wala nguruwe. Pindo tupu, na ndani yake mlango.

Mke wa mchungaji alisimama kumshauri. "Senga, mpenzi, hukuweza kujivunia kitu kingine?"

"Elspet alikaa mbele ya kanisa lenu Jumapili tatu kwa ajili ya hili. Mimi nilifiche?"

Torquil naye alishuka, akauliza kama hiyo ni halali.

"Nembo unaiona wapi?" Senga alimuuliza kutoka juu ya ngazi. "Huu ni mlango, binamu. Samaki na nguruwe nimekurudishia. Hili lilikuwa letu tangu mwanzo. Kwenu hakuna aliyewahi kulitaka."

Jioni Eck Buist alikuja, akanunua soseji, akabaki amesimama.

"Rangi imebaki?"

"Ya nini?"

"Bibi yake bibi yangu naye alikuwa mfua nguo kule ngomeni." Alikuna shingo. "Na mimi nina hii pua, kama ya Torquil."

Senga alimtazama pua kwa muda, kisha akampa makopo.

Siku hizi Sir Torquil akishuka kununua mkate hupita mtaa mzima wa milango yenye mapindo. Wanamwita binamu. Anaitikia.