Mwanga Juu ya Huruma

Jioni moja, miaka kadhaa baada ya vita vya uchaguzi, mwanga mweupe ulisimama angani juu ya mtaa wetu wa Huruma, kisha ukapotea ghafla. Kesho yake jirani yangu, mwalimu wa fizikia, alibisha mlangoni akiwa na dira na kalamu. Alitaka kujua rangi ya ule mwanga, na kama ulikuwa na sauti. Alisema wanasayansi wanakosea sana kuwacheka watu wanaoona vitu kama hivyo.

"Mama, mtu akisema ameona kwa macho yake, lazima asikilizwe."

Siku nyumba yangu ilipochomwa katika vita vile, mimi na yeye tulisimama kwenye geti moja tukawaona vijana waliobeba petroli, vijana wa ploti yetu, waliokuwa wakinisalimia kila asubuhi. Polisi walipouliza, yeye akasema kulikuwa na moshi mwingi, hakuna aliyeona vizuri. Kesi ikaishia hapo.

Hizo taa za angani zichunguzwe, sina ubishi. Pengine kuna kitu.

"Mwanga ulielekea upande gani?" akauliza, kalamu tayari.

"Mwalimu, sikuona vizuri," nikamwambia, nikifunga mlango. "Kulikuwa na moshi."