Waya wa Masi na Rangi ya Bulu

Sisi tuliokulia Kasha, wakati magari ya mtaa mzima yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tuliijua gari kwa mabega. Gari ya Papa ililala kwenye mteremko mbele ya nyumba, pua ikitazama chini, jiwe chini ya gurudumu. Kila Jumapili kabla ya misa ya pili kazi ilikuwa ile ile. Papa anakaa kwenye usukani na kravati yake, Maman anakaa pembeni na mtoto mapajani, sisi wengine tunashika viatu mkononi ili matope yasiharibu soksi, tunainamia nyuma. Mimi Faida, mkubwa wa nyumba, kazi yangu ilikuwa kuondoa jiwe. Papa alitoa mkono dirishani, akaushusha, nikavuta jiwe, na gari ikaanza kushuka kimya kimya mpaka kwenye kona ya bomba la maji. Pale ilikohoa mara mbili, ikawaka. Tukakimbia nyuma yake tupande kabla haijazimika. Watoto wa jirani walikuja kusukuma bila kuitwa, maana walijua watapanda mpaka barabara kubwa, halafu warudi kwa miguu wakijisifu.

Nikimsimulia binti yangu Neema, ananitazama kama namwambia habari za safina ya Nuhu. Yeye akiona gari imesimama anauliza kama telekomande imeisha betri. Kusukuma hajui, kufua soksi zenye matope ya Kasha hajui, na nzango, ule mchezo wetu wa kuruka na kurusha mguu kwa wimbo na makofi, anaucheza na kidole kwenye simu. Simlaumu sana. Tulizoea kula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani moja, mikono saba inagongana, na anayechelewa analamba vidole. Yeye ana sahani yake, na bado analalamika kwamba chumvi haitoshi.

Kitu kingine hawa watoto hawakukijua ni kutumwa. Siku zile habari ilitembea kwa miguu ya mtoto. Mkubwa alikuita, akakuambia maneno, kisha akasema, "Sema tena." Unayarudia yote, ukikosa moja unaanza upya. Halafu anatema mate chini, anakuonyesha kwa kidole: "Urudi haya mate hayajakauka." Ulikimbia kweli. Kuna mate yalikauka nikiwa bado kwa jirani natazama wanavyokaanga mikate, na fimbo ya Maman haikuuliza jua lilikuwa kali kiasi gani. Ila kuna ujumbe mmoja sikuufikisha kabisa, na huo ndio ninaotaka kuusema.

Gari ya Papa haikuzaliwa ya kusukumwa. Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliipata kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao, na ilipofika ilikuwa nyeupe na iliwaka kwa ufunguo. Nilipokuwa na miaka kumi, nikijiandaa kupokea komunyo ya kwanza, Papa akaamua gari nayo ivae. Akaipaka bulu, yeye mwenyewe, kwa mkono. Wiki ile ile mdogo wake aliyemwita yaya, kaka mkubwa, yaani Tonton Deo, fundi wa umeme, alikuwa ametoa demarere, ile mashine inayoamsha moteri, ameipeleka kwake kuisafisha. Kwa kuwa demarere haikuwepo na waya zilikuwa zimefunguliwa, Papa alinipa brashi na rangi iliyobaki. Mkono wangu ulikuwa mdogo, ungeingia pembeni kote chini ya kapo, kile kifuniko cha moteri. "Paka kila pahali," aliniambia. "Nisione chuma hata pahali moja."

Nilipaka. Mungu wangu, nilipaka siku ile. Mara tatu pahali pale pale, maana ile rangi ilinipendeza na nilijua inapakwa kwa ajili yangu.

Jumamosi mchana Tonton Deo alikuja kurudisha demarere. Papa alikuwa parokiani anapanga viti. Mimi ndiye nilizoea kumshikia Tonton vifaa, na kazi ninayoifanya leo, kufundisha umeme kwenye shule ya ufundi, niliianza kwa kushika taa yake. Alifunga demarere, akaacha waya mmoja unaning'inia. Ulikuwa waya wa masi, ule unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye bodi ya gari ili umeme uwe na njia ya kurudia. Rangi ilikuwa bado mbichi pale bulo yake, bolti ya kuukazia, inapoingia, na mvua ilikuwa inakuja. Akaniita.

"Faida, kimbia kwa papa yako. Umwambie: masi nimeiacha. Rangi ikauke, akwangue kwanza mpaka chuma ionekane, njo afunge. Sema tena."

Nikasema tena, sikukosa neno. Akatema mate chini. Nikakimbia.

Kabla ya kufika parokiani kuna uwanja, na uwanjani wasichana wa mtaa wetu walikuwa wanacheza nzango na wasichana wa mtaa wa juu. Tulikuwa tunashindwa. Wakaniita. Nilisema raundi moja tu. Nilipofika parokiani viti vilikuwa vimepangwa na Papa alikuwa amekwisha rudi kwa njia ya chini. Nilipofika nyumbani nikamkuta ananawa mikono kwa sabuni. Alikuwa ameona waya unaning'inia, akaufunga mwenyewe, juu ya rangi yangu nzuri. Kapo imefungwa, gari inang'aa. Nikajisemea basi, imeisha, nikaenda kujaribu kanzu yangu nyeupe.

Kesho yake asubuhi gari iliwaka kwa shida ikatufikisha kanisani, lakini baada ya misa, nje, familia yote imepanda na wageni wanatutazama, Papa akageuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik. Taa zinawaka kwa uvivu, redio inaimba, lakini moteri haigeuki. Wanaume wakavua makoti wakaanza kusukuma. Papa alishuka na aibu yake yote, akamwambia Tonton Deo mbele ya watu, "Deo, umekula demarere yangu. Umenitilia ya zamani."

"Yaya, mi nikule demarere yako?"

"Ile yangu ilikuwa inawaka. Uliipeleka kwako, imerudi haiwake. Mwizi ni nani?"

Tonton Deo hakupiga kelele. Alichukua koti lake kwenye kiti cha nyuma. "Siku moja utajua, yaya," alisema, "na siku hiyo utanitafuta." Akaenda kwa miguu. Wali wa komunyo yangu hakuula, na tangu siku ile hakukanyaga nyumba yetu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mshumaa wangu. Sijui kama niliusahau ule ujumbe au nilijisahaulisha. Wakubwa walikuwa wanagombania demarere, na mimi nilitumwa habari ya masi. Kwa akili ya miaka kumi hayo yalikuwa mambo mawili.

Papa hakukubali tena fundi yeyote aguse gari yake. Alibadilisha betri mwenyewe, mara ngapi sijui, na gari ikalala kwenye mteremko. Maman alikuwa akituambia wakati wa kutenga chakula, kwa sauti ya kumfikia Papa sebuleni: "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune." Papa alijifanya kiziwi. Maman alikufa hajawaona kwenye meza moja. Siku ya kilio Tonton Deo alikaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula.

Sasa Papa amepita miaka themanini na anakaa nami kwenye nyumba ile ile. Miguu haimbebi tena mpaka kanisani, na pikipiki ameikataa. "Mi muzee ya kravati," anasema, "sitakaa nyuma ya kijana kama gunia ya makala." Tangu Pasaka hakuwa amefika kwenye misa. Nikaona afadhali niamshe ile gari, ilikuwa inaoza tu uani chini ya hema. Niliisafisha, nikaweka betri mpya, nikageuza ufunguo. Tik. Ule ule wa siku ya komunyo.

Neema alikuwa amekaa ngazini na simu yake. "Maman, huku banasema waya za masi zinazeeka. Ukitia zenye kuwa minene, gari inakuwa kama mupya."

"Nani anasema?"

"Muzungu moja mu video."

Nilimwambia mimi nafundisha hayo mambo, video gani tena. Lakini alisema kweli, na nilikasirika kidogo kwamba sikuanza hapo. Jumamosi nikanunua waya mnene wa shaba, ule wa mashine ya kusudia, ya kuunga vyuma, nikakata vipande vitatu: kimoja kutoka betri mpaka kwenye bodi, kimoja kutoka betri mpaka kwenye moteri, kimoja cha kuunganisha moteri na bodi. Kila ncha nikaikaza pete yake ya shaba. Nikafungua betri kwanza, upande wa masi, kama ninavyowafundisha wanafunzi. Nikashika kle ya kufungulia, nikaingiza mkono nyuma ya betri kwenye ile bulo ya zamani. Mkono wangu si mdogo tena, nilichubuka vidole viwili.

Bulo ikatoka na pete yake. Chini yake hapakuwa na chuma. Palikuwa na rangi ya bulu, safi, nene, kama imepakwa juzi, na unywele mmoja wa brashi umegandia ndani.

Nilikaa chini kwenye majani. Neema akauliza kama umeme umenipiga. Nilikuwa nasikia wazi kabisa sauti ya Tonton Deo: akwangue kwanza mpaka chuma ionekane. Umeme wote wa ile gari ulikuwa umepitia kwenye meno ya bulo peke yake, unapenya kidogo kidogo, unatosha taa, hautoshi demarere. Hakuna mtu aliyekuwa ameiba kitu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, mwanamke mzima wa miwani.

Nikamaliza kazi hata hivyo. Nilikwangua kwa karatasi ya msasa mpaka chuma ikawa nyeupe, pale na pahali pengine pawili, nikafunga waya mpya, nikakaza, nikapaka grisi juu ili kutu isiingie. Nikageuza ufunguo. Gari iliwaka kabla sijamaliza kugeuza. Papa alitoka ndani na fimbo yake, akasimama mlangoni, mdomo wazi.

Ningeweza kunyamaza. Ningesema zilikuwa waya zimezeeka, na Papa angepanda kwenda kanisani kwake na furaha yake. Lakini Tonton Deo naye ni mzee, anakaa Nyalukemba, na bado anaitwa mwizi katika nyumba yetu. Nilizima gari, nikaenda mbele ya Papa, nikaweka mikono nyuma kama zamani.

"Papa, nimetumwa na Tonton Deo. Anasema masi ameiacha. Rangi ikauke, ukwangue kwanza mpaka chuma ionekane, njo ufunge."

Papa alinitazama. "Alisema lini?"

"Ile samedi ya mbele ya komunyo yangu. Nilipita kwenye nzango."

Alikuja mpaka kwenye gari pole pole. Nilimwonyesha ile pete ya zamani, bulu upande mmoja. Aliishika muda mrefu, akaikwangua kwa ukucha. Nilingoja anichape, kweli nilingoja. Akasema, "Mi njo nilikuambia nisione chuma." Akanirudishia ile pete. Halafu akasema, "Lete kravati yangu."

Nikawasha, tukaenda. Nyalukemba, mbele ya nyumba ya Tonton Deo, barabara imenyooka, hakuna mteremko. Nilisimamisha, Papa akashika mkono wangu haraka. "Usizime."

Kisha akasema, "Ingia ndani. Umwambie Deo: yaya yako iko inje. Masi ilikuwa na rangi chini. Demarere ni ile ile, hukukula kitu. Nimekosa. Sema tena."

Nikasema tena. Akafungua mlango wa gari, akatema mate kwenye lami, akanionyesha kwa kidole. "Urudi hayajakauka."

Nilikimbia. Tonton Deo alikuwa mezani na mke wake, Tantine Roza, sambaza mbele yao. Niliyasema yote nimesimama, neno kwa neno, kisha nikaongeza langu, kwamba ujumbe wake ni mimi niliupoteza. Aliacha kutafuna.

"Ulipita wapi, we mutoto?"

"Kwenye nzango, tonton."

Alitikisa kichwa. "Nzango ya miaka yote hii." Akanawa mikono, polepole, kidole kwa kidole, akatoka nje mbele yangu.

Hawakukumbatiana. Papa alikuwa ameshuka, ameegemea fimbo. Tonton Deo alikwenda moja kwa moja kwenye kapo, akaifungua, akagusa waya wangu mnene, akatingisha bulo kuona kama imekazwa. "Nani alifunga?" Papa akasema, "Mutoto yako." Wakainama wote wawili, vichwa vyeupe chini ya kapo ya bulu, na Papa akasema kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya moteri.

Siku ile ya rangi, Neema angetuma maneno ya Tonton kwa simu, yangefika kabla ya matone ya kwanza ya mvua, na Papa angejibu kwa kidole gumba. Siwezi kusema enzi zetu zilikuwa bora kwa hilo. Tuliweka amani ya watu wakubwa kwenye kichwa cha mtoto mwenye kupenda kucheza, tukategemea mate. Nalia tu kwamba Maman hakuvuna kwenye kikapu chake. Lakini vilevile sijui simu gani ingemtoa Papa nyumbani na kravati.

Tantine Roza alitoka, akasema chakula kinapoa, waingie wote. Papa alitazama ile barabara iliyonyooka, akaitazama gari, akanitazama mimi.

"Zima," akasema.

Nikazima. Niliposhuka nikaangalia chini kando ya mlango. Mate ya Papa yalikuwa hayajakauka.