Siku Mashine Ilipokataa Kutoa Dripu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuisahau. Jumapili uliponiambia kwamba kampuni yenu imewapa watu wa ng'ambo kazi ya kuwaandikia programu ya hospitali, yote, mwanzo hadi mwisho, nilikuitikia "haya" nikageukia chai yangu. Nadhani ulifikiri sijaelewa, uzee tena. Nilielewa vizuri. Niliogopa. Leo nimetulia kidogo, basi kaa nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa binti. Nilikuwa nimeteremka kutoka Moshi, nakaa kwa mjomba wangu aliyekuwa na duka la vitambaa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Zilikuwa zama za Ujamaa. Waziri aliitwa Ndugu, mfagizi aliitwa Ndugu, na karibu kila kitu kikubwa kilikuwa mali ya umma. Mimi nilipata kazi kwenye shirika la umma lililogawa dawa kwa hospitali na vituo vya afya nchi nzima. Ofisi zetu zilikuwa Mchafukoge, na bohari ya dawa ilikuwa uani, nyuma ya ofisi.

Nilifanya kazi chumba cha kompyuta. Usifikirie hii yako unayoibeba mkobani. Yetu ilijaza chumba kizima kama makabati yaliyopangwa ukutani, ilitaka ubaridi kuliko mgonjwa wa homa, na tuliilisha kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Mtaani nilikuwa mtu. Mjomba alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu ndiye anayeongea na mashine," nami najifanya sisikii.

Sasa sikia. Mashine ile tuliinunua, lakini akili yake, yaani programu, iliandikwa ng'ambo na kikundi cha wataalamu ambao hawakuwahi kuiona hata bandari yetu. Walimleta mmoja tu, kijana mpole, akakaa majuma machache kutuonyesha namna ya kuiendesha. Alikuwa mtu mwema, akipenda samaki wa kukaanga wa soko la Feri hata akiungua ulimi. Alipoondoka, aliondoka na ujuzi wake. Sisi tuliachiwa tepu ambayo mashine iliweza kuisoma na binadamu asiweze. Maandishi yenyewe, yale ambayo mtu angeyasoma akajua mashine imeambiwa nini, yalibaki kwao.

Mtu mmoja tu aliuliza. Alikuwa Bi Zuhura, mfamasia wetu mkuu, mzaliwa wa papa hapa mjini, mwanamke wa sauti ndogo aliyezoea kujitanda kanga juu ya gauni la ofisini. Kwenye mkutano alisema, "Ndugu Mkurugenzi, mashine hii ikiumwa, nani kati yetu ataipasua tumbo?"

Mkurugenzi akajibu, "Tutawaita wenyewe."

"Na wakichelewa?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ujana, mwanangu, una meno mengi.

Juu ya hayo, Mkurugenzi alitoa amri kwamba isitoke chupa wala kidonge boharini bila hati iliyopigwa na mashine. Usimlaumu haraka, dawa zilikuwa zikiibwa, na alitaka kuziba mwanya. Lakini sote tulijua maana ya amri ile. Aliyetoa mali ya umma bila hati alikuwa mhujumu, na siku zile neno hilo lilitamkwa kwa kunong'ona. Tulikuwa tumemwona jirani yetu wa ofisi ya pili akichukuliwa mchana kweupe, kikombe chake cha chai kimebaki mezani kinafuka moshi.

Kisha kikaja kipindupindu.

Sijui kama naweza kukueleza hofu ile. Kariakoo, soko ambalo huwezi kupita bila kusukumwa, palipwaya. Watu waliacha kupeana mikono. Matunda ya kukatwa yalipigwa marufuku, wakaanga samaki wa Feri wakazima majiko, na kila uchochoro ulinuka chokaa. Mjomba aliweka ndoo ya maji ya dawa mlangoni, mteja anawe kwanza ndipo aguse kanga. Mtu uliyesalimiana naye asubuhi, adhuhuri macho yameshamwingia ndani kama amefunga mwaka, na magharibi watu wanatoka makaburini. Hata tumbo likikuunguruma kwa njaa, ulihisi umeitwa.

Na dawa yake, mwanangu, ilikuwa maji. Maji yenye chumvi yanayoingizwa mshipani. Ukimwahi mgonjwa kwa dripu, yule aliyekuwa akikata roho anaketi na kuomba uji. Dripu tulikuwa nazo. Zilikuwa zimepangwa boharini, maboksi juu ya maboksi, yamefika karibu na dari.

Dada yangu wa tumbo moja, Ndeshi, alikuwa muuguzi kwenye kituo kimoja cha afya Kigamboni, pale ukivuka tu kutoka Magogoni. Kituo chao kilizoea kuomba chupa chache kwa mwezi. Safari hii, ugonjwa ulipopiga kwao kuliko kwingine, kiliomba shehena nzima. Tukatoboa kadi, tukailisha mashine. Hati haikutoka. Tukarudia. Mashine ikapiga hati za vituo vingine vyote; kuhusu cha Kigamboni ikaandika kwamba ombi lina kosa, limewekwa kando.

Tulijaribu kupunguza idadi, ikakubali chupa zile chache za siku zote. Tukiongeza, inakataa. Ndipo tukafahamu kwamba wale walioiandika waliiambia hivi: mtu akiomba kupita sana mazoea yake, basi ama amekosea kuandika ama ni mwizi, asipewe. Kwao, nadhani, ilikuwa busara. Hawakuwa wamewahi kuona mtaa mzima unaugua kwa siku moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tukapeleka teleksi ng'ambo. Jibu likaja kesho yake, la adabu kabisa: ombi limepokelewa, mtaalamu anayehusika yuko likizoni.

Asubuhi hiyohiyo Ndeshi aliingia ofisini kwetu. Alikuwa na sare yake, viatu vyeupe kwa chokaa, na midomo imepasuka. Hakukaa.

"Manka, mzigo wetu uko wapi?"

"Mashine imekataa, dada."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Imekataa? Wagonjwa wamejaa sakafuni, wengine wako barazani. Nimemwacha mama mmoja anaita maji, na sauti imeshamkauka. Nirudi nikamwambie mashine imekataa?"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ubaridi, yeye ametoka kaburini. Nilimwendea Bi Zuhura, nikamnong'oneza hila niliyoifikiria: tuligawe ombi lile vipande vidogo, kila kipande tukipe jina la kituo kisichokuwepo, mashine itapitisha vyote na hakuna atakayejua.

Bi Zuhura alinishika mkono.

"Usifanye hivyo, binti yangu. Leo ukiidanganya, mwezi ujao itauhesabu uongo wako kama kweli, iwapelekee dripu watu wasiokuwepo na kuwanyima waliopo. Tumeshindwa kuielewa inaposema kweli. Tutaiweza ikisema uongo? Na wewe utaishi unauficha maisha yako yote. Jambo la kuokoa mtu lipitishe mlangoni, watu wakuone."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda kwa Mkurugenzi. Mlango aliuacha wazi kwa makusudi.

"Ndugu Mkurugenzi, nazitoa dripu za Kigamboni sasa hivi, bila hati ya mashine."

Mkurugenzi alikuwa mtu mzima, mwenye watoto. Nilimwona anafuta jasho. "Ndugu Zuhura, subiri teleksi ya pili. Tafadhali. Au basi, nenda, lakini mimi sikukuona."

"Nione," akamwambia kwa sauti yake ileile ndogo. "Nataka unione."

Akachukua karatasi, akaandika hati kwa mkono wake, akatia sahihi na jina lake kamili, la baba yake na la babu yake. Mtunza bohari alikataa kuigusa. Aliweka funguo juu ya meza, akageukia ukutani. Tulipakia wenyewe, Bi Zuhura, Ndeshi na mimi, na kila boksi nililoliinua nilijiambia, hili ndilo watakalonisomea mahakamani. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio, wahenga walisema. Siku ile nilitamani kwa moyo wangu wote kuwa kwa mwoga.

Kivukoni Magogoni, askari alisimamisha Land Rover ya shirika tuliyopakia mzigo, akataka hati. Aliigeuza mara mbili.

"Hii si ya mashine."

"Ni yangu," Bi Zuhura akasema. "Jina langu hilo hapo. Kama kuna wa kukamatwa, nitarudi na kivuko hikihiki."

Askari akamtazama, akamtazama Ndeshi, macho yakashuka hadi kwenye vile viatu vyenye chokaa. Akarudi nyuma hatua moja. Sijui hadi leo kama ilikuwa huruma au hofu ya ugonjwa. Alitupisha.

Tulipofika, pale Ndeshi alipomwacha yule mama palikuwa na mtu aliyefunikwa kanga. Ndeshi alisimama juu yake kidogo, kisha akapasua boksi la kwanza kwa kucha zake. Vyuma vya kutundikia chupa havikutosha, ikabidi mimi niwe chuma. Nilisimama na chupa juu, mkono huu na mkono huu, hadi nikawa sijui kama mikono bado ninayo. Nilikuwa naogopa harufu, naogopa maji ya sakafuni, naogopa kumeza mate yangu mwenyewe. Lakini kabla jua halijatua, mzee mmoja niliyedhani ameshakwenda alifumbua macho akauliza nani amemlisha punda wake. Ndeshi alicheka, kisha akakaa chini palepale akalia.

Wengi walipona. Wengine tulikuwa tumeshawachelewesha.

Bi Zuhura walimjia kesho yake, wanaume wa usalama wenye mashati ya kawaida. Alichukua mkoba wake, akatuaga kila mmoja kwa jina. Ofisi nzima iliinamisha vichwa kana kwamba kuna kitu kimedondoka chini. Alirudi baadaye, amekonda, hakusimulia chochote, na haukupita muda akahamishiwa hospitali ndogo ya wilaya mbali sana, kwenye cheo cha chini. Mkurugenzi hakumtetea. Mimi na Ndeshi tulimsindikiza stesheni. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Ninaogopa, Manka. Lakini sijuti. Ni vitu viwili tofauti, usivichanganye."

Ugonjwa ulipokwisha, jibu la ng'ambo lilifika. Walisema kanuni ile ilikuwamo kwenye mkataba, wakubwa wetu waliikubali, na kuibadilisha kutahitaji makubaliano mapya. Na walisema kweli, mwanangu! Ndicho kilichoniogopesha kuliko yote. Hapakuwa na adui. Wao waliandika walichodhani tunakitaka, sisi tukapokea tusichokielewa, na katikati ya watu wema wa huku na watu wema wa kule, mama mmoja alikufa akiita maji.

Alipokuja mkurugenzi mwingine, aliomba vijana wa kwenda kujifunza kuandika programu, nami nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Haikuwa kipaji, ilikuwa woga. Niliporudi hatukuwafukuza wale wa ng'ambo. Tuliendelea nao miaka, na walikuwa mafundi hasa. Ila tuliyadai maandishi yote tukayasoma, na wao tuliwaleta wakaone bohari, wakavuka hadi Kigamboni, wakaongea na wauguzi. Yule kijana mpole alirudi. Ndeshi alipomsimulia habari ya yule mama, aliomba akae peke yake kidogo.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi. Anayejua zaidi yako mwite akusaidie, si aibu. Lakini mtegemea cha ndugu hufa maskini, na kwenye kazi kama yenu, anayekufa anaweza asiwe wewe. Wape kazi, usiwape fahamu zako. Kila wanachoandika, awepo mmoja wenu anayeweza kukisoma na kukwambia kwa Kiswahili chepesi kinasema nini. Waulize, kipi mmekikataza? Watu hupenda kuuliza mashine itafanya nini, wakasahau kuuliza itakataa nini. Waite waje wamwone mgonjwa kwa macho yao. Na daima acheni mlango ambao binadamu anaweza kuufungua kwa mkono wake na jina lake, halafu huyo binadamu mlindeni, msiinamishe vichwa kama sisi. Siku hizi nikienda hospitali nikasikia msichana wa dirishani anasema "mama, mfumo umegoma," namwona tena Ndeshi na viatu vyake vya chokaa. Usiwe wewe uliyemfundisha kusema hivyo na kunyamaza.

Nenda kazini kwako, mwanangu. Mungu akupe marafiki wema wa mbali, na akili yako ibaki karibu nawe. Akupe woga unaokuamsha, akuepushe na woga unaokuziba mdomo. Na siku utakapotakiwa kuweka jina lako mbele za watu kwa ajili ya roho ya mtu, mkono wako Mungu aushike usitetemeke. Amina.