Harub na Dume la Taifa Stars

Harub Nabhan nilimjua kwa ajili ya ng'ombe, na mpaka leo sijaona sababu nyingine ya kumjua mtu kama yule. Ilikuwa Juni 2023, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Nina bucha Chumbageni, nikasikia kuna mwuza maziwa wa Mabawa mwenye dume la miaka minne, mapaja yamejaa. Nikaenda na fedha mkobani.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia akiwa na jezi ya Stars juu ya kikoi, akaniagizia kahawa, kisha akaniambia dume hauzwi, ni wa nadhiri.

"Nadhiri ya nini, mzee wangu?"

"Ya Taifa Stars, mwanangu. Wakishinda mechi moja tu ya Afcon, huyu anachinjwa, Mabawa nzima inakula."

Mkewe, Bi Zuleha, akadakia kutoka uani: "Basi atakufa kwa uzee. Na mimi ndiye ninayezoa mavi."

Nilirudi mikono mitupu, lakini niliulizauliza. Kumbe nadhiri ile aliiweka 2019, kwenye banda la kuonyeshea mpira, Stars wakiongoza mbili kwa moja dhidi ya Kenya kule Misri. Dume wakati huo alikuwa ndama wa wiki tatu. Harub akasimama akaapa mbele ya watu, akidhani ushindi uko mfukoni: alitaka sifa ya karamu kwa bei ya ndama. Stars wakafungwa tatu kwa mbili. Ndama akala, akanenepa, na nadhiri ikanenepa naye.

Mimi ni binti wa mkata mkonge. Nilianza kwa kuuza miguu ya ng'ombe kwa wapika supu, na sijawahi kuahidi kitu nikiwa na furaha. Huyu aliahidi, kisha akaigeuza ahadi kuwa ngao. Ukimwendea kwa mchango wa harusi au msiba, anakujibu kwamba yeye ameshautolea mtaa ng'ombe mzima. Wakati huohuo dume anapanda majike ya watu, na hakuna jike aliyepandwa bure. Bandani Harub anawekewa kiti cha mbele. Mzee wa Stars.

Na ulinzi gani ungemfaa kuliko Stars? Walikwenda Lagos 1980, wakapata sare moja na vipigo viwili. Wakapotea miaka thelathini na tisa, wakaibuka Misri kupigwa zote tatu. Kombe la Dunia wanalitazama kama sisi, kwenye televisheni. Mtu anayetaka kusifiwa bila kutoa nyama hapati mdhamini bora.

Januari 2024 niliketi karibu naye, Stars wanacheza na Zambia. Tunaongoza moja bila, Zambia wamepungua mmoja. Kadiri dakika zilivyoyoyoma watu walizidi kuimba, na Harub akazidi kupangusa jasho. Dakika ya themanini na nane Zambia wakasawazisha. Banda zima likashika vichwa. Harub akashusha pumzi, akaagiza kahawa na kashata. Nikamtazama. Akakwepesha macho. Nikajua sina haja ya kumbembeleza tena, ningoje tu siku Stars watakapomtisha.

Ilikuja Desemba 2025, kule Morocco. Walifungwa na Nigeria, wakatoka sare na Uganda, wakatoka sare na Tunisia, na kwa pointi mbili hizo, za kuokoteza, wakavuka kuingia kumi na sita bora. Mji ukapiga honi kana kwamba wameleta kombe. Asubuhi majirani wakafika kwa Harub na kuni na masufuria. Tumevuka, chinja. Akawajibu nadhiri ni kushinda, si kuvuka, na hapo ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Wakasema haya, basi Jumapili, tukimpiga Morocco. Kuni wakaziacha mlangoni.

Jumamosi akanipigia simu. Nilipofika nikamwambia dume ana miaka sita na zaidi, ni nyama ya kusaga. Akataja bei. Nikampa nusu.

"Hii dhuluma, Praxeda."

"Basi ngoja kesho, mzee wangu. Wakishinda utamtoa bure."

Akaziangalia zile kuni. "Vijana hawa safari hii wana kitu," akasema polepole, na niliona anaamini kweli. Akapokea fedha. Dume nikamtoa kwa kichochoro cha nyuma.

Jumapili Morocco wakashinda moja bila. Mechi kumi na tatu za Afcon tangu Lagos, ushindi hakuna hata mmoja. Angevumilia siku moja tu, dume angekuwa bado kambani. Miaka yote hiyo ya jezi aliwaamini Stars mara moja, na mara hiyo ikamla nusu ya ng'ombe.

Jumatatu majirani walikwenda kuchukua kuni zao, wakakuta kamba tupu. Hakuwa na deni lao, lakini walijua kuhesabu siku: dume aliuzwa kabla ya mechi. Kile kiti bandani sasa anakikalia mtu mwingine, na akina mama wengi wa Mabawa wamehamia maziwa ya mtaa wa pili. Bi Zuleha alizikamata zile fedha akaezeka jiko.

Mimi nilipata nyama ngumu. Hoteli moja ilinirudishia kilo ishirini, nikazisaga zote nikawauzia wapika sambusa, faida ikawa ndogo kuliko nilivyopiga hesabu. Wanaume wawili wa Mabawa walikuja buchani kuulizia fungu lao. Nikawatajia bei ya kilo.