Shangazi wa magazeti ya zamani na mkoromo wa saa nane mchana

Saa mbili na robo asubuhi, Shangazi ameshapanda na kushuka ngazi za chumba cha kumbukumbu mara tatu, na chai yake imepoa mezani bila kuguswa. Mbele yake liko wazi jalada la magazeti ya miaka thelathini na mitatu iliyopita. Anafunua ukurasa, anaurudisha, anaketi, anasimama.

"Leo kiti hiki kinanichoma," anasema, na kuanza kupanga upya rafu aliyoipanga jana.

Chumba chenyewe kiko chini ya mitambo ya uchapaji. Kina rafu kumi na nne na taa mbili, moja ikiwaka inapojisikia. Mitambo ikiwashwa, vumbi hushuka kutoka darini, na Shangazi hufunika kikombe kwa kiganja bila hata kutazama.

Shangazi ndivyo anavyoitwa hapa na kila mtu, kuanzia mfagiaji hadi mhariri mkuu. Ana miaka hamsini na tisa. Kila Jumamosi anaandika safu ya "Siku Hiyo": anachukua gazeti la siku moja ya zamani, anasoma vichwa vyake vya habari na kuvitania. Ameshaandika safu 612. Mwisho wa mwezi anastaafu.

Gazeti alilochagua leo lina neema. "MKUTANO WA KUPUNGUZA MIKUTANO WAAHIRISHWA," anasoma, na pembeni anaandika kwa penseli: Watakutana tena kupanga tarehe. Ukurasa wa tatu: "DARAJA LAFUNGULIWA, WANANCHI WAOMBWA WASILITUMIE." Ukurasa wa tano: "JOGOO ASHTAKIWA KWA KUWIKA MAPEMA."

"Jogoo alishinda kesi," ananiambia mimi, mwandishi niliyetumwa kuandika habari zake kabla hajastaafu. "Nilifuatilia. Mlalamikaji hakufika mahakamani, alichelewa kuamka."

Siku nyingine angecheka mpaka avue miwani aifute. Leo hacheki. Ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa kuliko zote, pameandikwa: "MTANGAZAJI AKOROMA HEWANI DAKIKA NNE." Kichwa hicho alikiandika yeye.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mhariri msaidizi mgeni. Saa nane mchana, katikati ya kipindi cha salamu redioni, wimbo uliisha, maikrofoni ikabaki wazi, na wasikilizaji wakasikia mtu anakoroma raha mustarehe. Kwa kuwa mwenye kipindi alishajitaja mwanzoni, hakuna aliyejisumbua kuuliza mkoromo ni wa nani.

"Nilikuwa na dakika kumi kabla ukurasa haujashuka mtamboni," anasema. "Simu ilikuwa mezani. Sikuipiga. Kichwa kilikuwa kitamu mno."

Kesho yake gazeti liliisha kabla ya saa nne asubuhi, naye akapongezwa mbele ya wenzake. Wiki hiyohiyo mtangazaji aliondolewa kwenye maikrofoni, akapelekwa stoo ya vipuri. Mwaka uliofuata akaacha kazi.

Shangazi alipokuja kupata habari hizo aliumia sana. Tangu hapo ana sharti lake: hamtanii mtu aliye hai kabla ya kumtafuta na kumwomba ruhusa. Wengi hukubali. Wengine hukata simu. Lakini huyu mmoja hajawahi kumtafuta. Kila mwaka tarehe hii ikifika, huchukua gazeti la mwaka mwingine.

"Nikistaafu bila kumwona, nitakuwa nimemkimbia moja kwa moja," anasema, tayari ana mkoba begani. Kurasa zinafungwa saa kumi jioni.

Mtaa wa kwanza anamuuliza muuza viatu, wa pili anamuuliza fundi cherehani. Wote wanamwelekeza upesi, kwa jina la utani. Duka ni dogo, lina mashine ya fotokopi na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Juu ya mlango kuna kibao: "Kwa Mkoromo." Shangazi analipita duka, anarudi, analipita tena. Mara ya tatu namshika mkono, tunaingia.

"Karibuni. Nakala ngapi?"

Ana miaka sitini na minne, na sauti yake bado ingeweza kusoma taarifa ya habari.

"Kaka, sijaja kutoa nakala. Mimi ndiye niliyeandika kile kichwa cha habari."

Mzee anaiacha mashine imalize kazi. Anazikusanya karatasi, anazisawazisha juu ya kaunta.

"Miaka yote nilidhani ni mwanamume," anasema.

"Nimekuja kukuomba radhi. Na pia nilitaka kukuuliza kama..."

"Kama mnaweza kunicheka tena?"

Shangazi anauvuta mkanda wa mkoba, anauachia, anauvuta.

"Dada, mimi sikukoroma," anasema mzee. "Niliweka santuri, nikashuka chini kufuata karatasi za salamu zilizosahaulika ofisini. Karani alikuwa amelifunga kabati, akawa anatafuta ufunguo. Narudi, simu zote zinalia."

Zamu ile, anaeleza, ilikuwa na watu watatu. Anatutajia aliyekoroma na kutuomba tusimwandike. Hatumwandiki.

"Alikuwa na wiki ya pili kazini, na nyumbani ana mtoto mchanga. Nilijua nitakemewa tu, yaishe. Kumbe gazeti limeshanihukumu. Baada ya hapo ningemtaja ili iweje? Tuwe wawili wa kuhurumiwa?"

Anaonyesha kibao kwa kidole. "Hata hicho sikukiagiza. Mchora vibao aliandika alivyozoea kusikia. Binti yangu alikuwa analia darasani kwa sababu ya jina hilo. Sasa mjukuu anaanza Januari, shule ileile. Huyo ndiye anayenikosesha raha."

"Basi tutaandika ukweli," anasema Shangazi.

"Andika kwamba mimi sikukoroma. Usiandike aliyekoroma."

"Watu watauliza."

"Waache waulize. Mimi nimeulizwa miaka thelathini na mitatu na bado nipo."

Saa tisa na nusu, Shangazi amesimama mbele ya meza ya mhariri mkuu, hataki kukaa. Mhariri anasoma karatasi ya safu mara mbili, anakuna kidevu.

"Shangazi, masahihisho yetu mwisho ni siku saba. Hii ni miaka thelathini na mitatu."

"Ndiyo maana nakwambia tusichelewe zaidi."

"Neno la mzee peke yake halitoshi."

"Nimewapigia simu wale wengine wawili wa zamu ile. Kila mmoja amesema aliyekoroma hakuwa mtangazaji. Safari hii nimepiga simu, mwanangu."

"Sasa alikoroma nani?"

"Hilo halimo kwenye safu yangu."

Mhariri anachukua kalamu na kutia saini. Jogoo, daraja na mkutano vimeondolewa. Safu ya kesho ina kichwa kimoja tu, kwa herufi za ukubwa uleule wa siku ile: "MTANGAZAJI HAKUKOROMA." Chini yake kuna mistari sita, na wa mwisho ni wa kuomba radhi, wenye jina kamili la mwandishi.

Nilidhani sasa atatulia. Ameshuka tena kwenye rafu zake, anavuta majalada, anayaweka sakafuni moja juu ya jingine. Katikati yake kuna karatasi iliyoandikwa kwa penseli: majina ya watu kumi na mmoja, wote wa vichwa alivyoviandika mwenyewe kabla ya kujiwekea sharti, wote hakuwapigia simu.

"Nina wiki tatu," anasema, akipangusa vumbi kwenye miwani. "Wawili wameshafariki. Hao nitawatafuta watoto wao."