Msamaha kwa Amri

Mume wangu alistaafu jeshini, lakini jeshi halikustaafu kwake. Tulipohama kambi ya Kasese tukaja kujenga Bwera, aliacha sare akaja na amri. Watoto wetu waliamka kwa amri, walikula kwa amri, na walipokoseana walipangwa mstari uani waombane msamaha kwa sauti.

"Sisikii!" angewaambia, nao wangerudia mpaka kuku wa jirani wakimbie.

"Samaki mkunje angali mbichi," alinieleza. Nikamwambia yeye hakunji, anavunja. Alijifanya hakusikia.

Jirani yetu alikuwa mama wa Butembo, muuza vitenge. Alivuka mpaka kutoka Kongo na binti yake mmoja, wakikimbia watu wenye bunduki. Binti huyo na wa kwangu walikuwa chanda na pete: shuleni pamoja, bombani pamoja, hata chawa waligawana.

Siku moja waligombea kamba ya kuruka. Wa kwangu alishindwa, akatafuta neno la kuumiza, akalipata.

"Rudi kwenu!"

Yule mtoto aliikunja kamba vizuri, akaiweka mlangoni petu, akaenda zake. Niliona aibu kana kwamba nimesema mimi.

Mume wangu alikuwa bafuni. Alitoka na povu masikioni.

"Wewe! Kuja hapa! Simama sawa! Enda kwa ile nyumba uombe msamaha. Mbio!"

Mtoto akafanya alivyofundishwa. Alipiga kwata mpaka mlangoni kwa jirani, akagonga kisigino chini, akapiga saluti, akapaza sauti: "Naomba msamaha!" Kisha akageuka nyuma, akarudi kwa mwendo uleule. Baba yake alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kumalizia kuoga.

Kabla hajakauka maji, mama wa Butembo akafika.

"Mama, mutoto yako alikuja kufanya nini kwetu? Yangu iko chini ya kitanda. Anasema basoda bamefika."

Basoda ndio askari. Mume wangu hakuhitaji kutafsiriwa. Aliketi kwenye ngazi na taulo lake, na kwa mara ya kwanza tangu anioe hakuwa na amri ya kutoa.

Kesho yake yule mtoto hakwenda shule. Keshokutwa vilevile. Mama yake akaanza kusema kwamba labda wahamie kwa ndugu zake, mbali na nyumba ya afande. Wa kwangu alikuwa akilala na ile kamba kifuani. Iliniuma sana, na kumpiga mume wangu sikuweza, ni mkubwa.

Jioni moja alivua buti, akavaa kandambili zangu za waridi, akaenda kwa jirani. Mimi na wa kwangu tukamfuata. Aliomba kinu na mchi, akaketi chini uani, akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, kazi ambayo hajawahi kuigusa nyumbani kwake. Alitwanga vibaya kiasi cha kuaibisha ukoo mzima. Majani yaliruka, yakamganda ndevuni. Mama wa Butembo alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyeshea nguo zake. Mimi sikucheka, ingawa ilinigharimu.

Mlango ukafunguka kidogo.

"Papa, haiko hivi. Unaimwanga yote."

Yule mtoto wa jirani akatoka, akasimama kando ya kinu.

"Polepole," akasema.

"Ndiyo," akajibu mume wangu, akampa mchi.

Hapo wa kwangu akasogea. Hakuna aliyemwamuru, na alitembea kama watoto wanavyotembea, akiburuta miguu. Akaushika mchi upande wa pili. Wakatwanga kidogo bila kutazamana.

"Nilisema rudi kwenu," akanong'ona. "Usirudi."

Alinong'ona chini sana, hata mimi niliyekuwa karibu nilitega sikio. Mume wangu, na majani yake ndevuni, hakusema kwamba hasikii.